Chokaa Moyoni: Historia Fupi ya Kutazama Kabla ya Kutibu

Leo nazungumzia moyo. Si ule moyo wa Bongo Fleva unaovunjika kila wimbo na wiki inayofuata umeshapona. Nazungumzia moyo wenyewe, pande la nyama lenye ukubwa wa ngumi lililoko kifuani mwako sasa hivi, na mishipa yake ya damu ambayo inaweza kuota chokaa mpaka ikawa migumu kama ganda la yai. Na kwa kuwa napenda historia kuliko kuwapa watu ushauri wa afya, nitaanzia mbali kidogo. Tuanzie Misri.

Alikuwepo binti wa mfalme aliyeitwa Ahmose-Meryet-Amon, aliyeishi Thebes zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Alifariki akiwa na miaka 40 na ushee. Mwili wake ukakaushwa na kuviringishwa vitambaa kwa ule ufundi wa Wamisri. (Neno mumiani, ambalo wengi tulitishiwa nalo utotoni, lina asili moja na jina la maiti hizo katika lugha nyingi za dunia.) Karne 35 baadaye watafiti wakaupitisha mwili ule kwenye mashine ya siti skani. Wakakuta chokaa kwenye ateri mbili kati ya tatu kubwa za moyo wake.

Hakuwa peke yake. Mwaka 2013 jopo la watafiti lilitoa matokeo ya kupiga picha maiti 137 za kale kutoka Misri, Peru, kusini magharibi mwa Marekani na visiwa vya Aleutian. Maiti 47, sawa na asilimia 34, zilikuwa na dalili za ugonjwa wa mishipa kuwa migumu. Kwa hiyo wale wanaotuambia kwamba ugonjwa huu umeletwa na chipsi mayai na soda, naomba wapunguze sauti kidogo. Chipsi zina makosa yake, tutayafikia, lakini ugonjwa ulikuwepo kabla ya kiazi kuvuka bahari.

Sasa hiyo chokaa inafika vipi moyoni? Moyo unasukuma damu kwenda mwili mzima, lakini wenyewe nao unahitaji damu. Unaipata kupitia ateri zake ndogo zilizouzunguka kwa juu. Madaktari wanaziita ateri za korona, yaani za taji, kwa jinsi zilivyouvisha moyo. (Virusi vya korona navyo viliitwa hivyo kwa sababu ya umbo la taji. Undugu unaishia hapo.) Mafuta yanapojipenyeza kwenye ukuta wa ateri, mwili unapambana nayo, ukuta unavimba, unapata vidonda, unapona vibaya, na miaka inavyokwenda madini ya kalsiamu yanajijenga humo, karibu kwa namna ileile mwili unavyojenga mfupa.

Watu hupenda mfano wa birika. Ukichemshia maji ya kisima kila siku, ndani ya birika kunaota ukoko mweupe. Mfano huo unasaidia nusu tu. Ukoko wa birika umekaa juu ya bati, unaweza kuukwangua. Chokaa ya ateri imo ndani ya ukuta wenyewe, kama chokaa iliyoshikana na matumbawe kwenye nyumba za zamani za Lamu au Mji Mkongwe. Jaribu kuitoa bila kuubomoa ukuta! Kumbuka jambo hili, ndilo litakaloendesha hadithi yote inayofuata.

Kwa karne nyingi chokaa hiyo ilionekana kwa wafu tu. Leonardo da Vinci, yule mchoraji, alipasua maiti ya mzee mmoja kwenye hospitali ya Santa Maria Nuova mjini Florence, kama mwaka 1507 au 1508. Mzee huyo alikuwa amedai kwamba ana zaidi ya miaka 100, na alikufa kwa utulivu kabisa. Leonardo akataka kujua ni nini kilichomuua, akakuta mishipa iliyokauka, iliyokuwa minene na iliyobana. Aliona vizuri. Lakini aliona akiwa amechelewa, na hivyo ndivyo ilivyobaki kwa miaka karibu 400.

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen akagundua eksirei huko Ujerumani. Mifupa ikaonekana. Moyo nao ukaonekana, lakini kama kivuli cha wingu tu. Ateri zake hazikuonekana kabisa, kwa kuwa damu na nyama kwenye eksirei vinafanana. Kilichotakiwa ni dawa ya rangi, inayozuia mionzi, iingizwe kwenye mishipa. Na ili uiingize karibu na moyo, lazima mtu apeleke mpira huko. Nani angethubutu?

Alithubutu kijana mmoja. Mwaka 1929, katika mji mdogo wa Eberswalde, daktari Werner Forssmann, mwenye umri wa miaka 25 hivi, alimwomba bosi wake ruhusa ya kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni. Bosi akakataa. Forssmann akamwendea nesi Gerda Ditzen, ambaye ndiye alikuwa na ufunguo wa vifaa. Nesi akakubali, tena akajitolea afanyiwe yeye. Forssmann akamlaza mezani, akamfunga mikono na miguu, kisha akageuka pembeni akajichoma ganzi mwenyewe na kuusukuma ule mpira kwenye mkono wake mwenyewe. Nesi alipogundua, mpira ulishaingia. Wakashuka wote wawili hadi chumba cha eksirei, na picha ikapigwa: mpira umefika moyoni, na mtu yu hai, anatembea.

Mnadhani alipewa tuzo? Alidharauliwa, akakosa nafasi kwenye hospitali kubwa ya Berlin, akaishia kuwa daktari wa njia ya mkojo. Tusimfanye malaika pia, maana alijiunga na chama cha Nazi. Historia ya tiba haina malaika wengi. Mwaka 1956, akiwa daktari wa mji mdogo tu, akaambiwa ameshinda Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, waliouendeleza mpira wake kule Marekani.

Hata hivyo ateri za moyo zilikuwa bado hazijaonekana vizuri. Madaktari waliamini kwamba ukimimina dawa ya rangi moja kwa moja ndani ya ateri ya moyo, mgonjwa atakufa palepale. Tarehe 30 Oktoba 1958, katika hospitali ya Cleveland Clinic, daktari Mason Sones alikuwa anampiga picha kijana wa miaka 26 mwenye ugonjwa wa vali. Ncha ya mpira ikateleza na kuingia kwenye ateri ya kulia ya moyo, na kabla mtu hajasema neno, dawa nyingi ikawa imeshaingia. Moyo ukasimama. Sones akampigia kijana kelele akohoe. Akakohoa. Akakohoa tena. Moyo ukaanza kupiga.

Mtu mwingine angetoka pale akaapa kutorudia. Sones aliona kitu kingine: kama dawa yote ile haikumuua kijana, basi kiasi kidogo kinavumilika. Akatengeneza utaratibu wa kufanya kwa makusudi kile kilichotokea kwa bahati mbaya. Kwa mara ya kwanza madaktari wakaweza kuiona vizuri ateri ya moyo wa mtu aliye hai, na mahali ilipobana.

Baada ya kuona, watu wakataka kurekebisha. Mwaka 1977, tarehe 16 Septemba, mjini Zurich, Mjerumani mmoja aitwaye Andreas Grüntzig alipeleka kiputo kidogo kwenye ateri ya moyo ya mgonjwa wa miaka 38, akakijaza, kikasukuma ukuta, damu ikapita. Viputo vyake vya mwanzo alivitengeneza kwenye meza ya jikoni nyumbani kwake, akisaidiwa na mkewe na msaidizi wake. (Alikufa mwaka 1985 kwa ajali ya ndege aliyoirusha mwenyewe.) Mwaka 1986, Jacques Puel huko Toulouse na Ulrich Sigwart huko Lausanne wakaanza kuweka stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma kinachobaki ndani ili ateri isijifunge tena.

Naam, hapo ndipo chokaa ilipokuja kudai haki yake. Kiputo kinafanya kazi kwa kutanua ukuta laini. Ukuta wa chokaa hautanuki. Unajaza kiputo, unaongeza presha, kinavimba pande zote mbili na kubaki kimebanwa katikati kama kiuno cha nyigu. Ukiongeza zaidi ateri inaweza kuchanika. Ukikata tamaa ukaweka stenti hivyohivyo, stenti inabaki imefunguka nusu, na stenti iliyofunguka nusu huwezi kuivua ukaweka nyingine kama betri ya simu. Imeshakaa humo maisha. Damu inaganda juu yake, au mshipa unaziba tena, na mgonjwa anarudi.

Mafundi wakaleta zana. Mhandisi David Auth wa Marekani akabuni kichwa kidogo chenye umbo la zeituni, kilichopakwa chembe za almasi, kinachozunguka zaidi ya mara 140,000 kwa dakika. Kinasaga kigumu na kukwepa laini, kama wembe unavyokata ndevu ukaiacha ngozi. Kilianza kutumika kwenye ateri za moyo mwaka 1988. Zana nyingine ilitoka kwenye figo. Februari 1980, mjini Munich, madaktari walivunja mawe ya figo ya mgonjwa kwa mawimbi ya mshtuko, bila kisu, kwa mashine ya Dornier, kampuni ya kutengeneza ndege. Miaka mingi baadaye wengine wakafikiria: kama mawimbi yanavunja jiwe la figo na kuacha nyama salama, kwa nini yasivunje chokaa ya ateri? Wakaweka vitoa cheche ndani ya kiputo. Kiputo kinajazwa kwa presha ndogo, cheche zinapiga, chokaa inapata nyufa, ukuta unalegea. Marekani iliidhinisha matumizi yake kwenye ateri za moyo mwaka 2021.

Sasa hebu tusimame kidogo. Zana tunazo. Nani atatuambia ni ipi itumike, na wapi? Ile picha ya Sones, ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kazi yote, ni picha ya kivuli. Inaonyesha njia ambayo damu inapita. Haionyeshi ukuta. Na chokaa, kama tulivyosema, imo ukutani! Mwaka 1995 Gary Mintz na wenzake walilinganisha: katika sehemu 1,155 zilizobana, picha ya kivuli iliona chokaa kwenye asilimia 38. Kifaa kilichotazama kutoka ndani ya mshipa kiliiona kwenye asilimia 73. Karibu nusu ya chokaa ilikuwa inapita machoni pa madaktari bila kuonekana.

Kifaa hicho cha ndani ni ultrasaundi, ileile ya kina mama wajawazito, ila imefanywa ndogo ikakaa kwenye ncha ya waya. Nicolaas Bom alianza kuihangaikia Rotterdam mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Paul Yock akaifanya itumike kwenye ateri za moyo miaka ya 1980. Inaonyesha ukuta mzima, tabaka kwa tabaka. Udhaifu wake ni kwamba sauti ikigonga chokaa inarudi yote, nyuma yake panabaki giza. Unajua chokaa imezunguka kiasi gani, lakini hujui ni nene kiasi gani.

Mwaka 1991 watafiti wa MIT, wakiwemo David Huang na James Fujimoto, walichapisha njia ya kutumia mwanga badala ya sauti. Waliijaribu kwenye vipande vya jicho na vya ateri ya moyo. Leo unaikuta kwa daktari wa macho, anakupiga picha ya nyuma ya jicho kwa sekunde chache. Kwenye moyo, mwanga huo unapenya chokaa, kwa hiyo unene wake unapimika kwa sehemu ndogo za milimita. Nao una kero yake: hauoni ndani ya damu, lazima mshipa uoshwe kwanza kwa dawa ya rangi, na dawa hiyo si rafiki wa figo zilizochoka. Hakuna jicho lisilo na kengeza.

Kutokana na picha hizo, mwaka 2018 watafiti walitoa vipimo ambavyo hata mimi mwandishi wa habari nimeweza kuvikariri, kwa sababu vyote vina 5. Je, chokaa imezunguka zaidi ya asilimia 50 ya mshipa? Ina unene zaidi ya nusu milimita, yaani 0.5? Ina urefu zaidi ya milimita 5? Majibu yote yakiwa ndiyo, stenti iko hatarini kutofunguka vizuri, basi ivunje chokaa kwanza. Yakiwa hapana, kiputo cha kawaida huenda kinatosha. Na baada ya stenti kuwekwa, unarudisha jicho ndani kuhakikisha imeshika ukuta. Fundi yeyote wa Buguruni au Gikomba atakwambia: pima, kata, kisha pima tena.

Kuna jicho jingine linalotazama kutoka nje, bila kuingiza chochote. Siti skani ilipiga picha ya mgonjwa wake wa kwanza tarehe 1 Oktoba 1971, London, kazi ya Godfrey Hounsfield. Nobel yake ya mwaka 1979 aligawana na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kulifikiria tatizo hilo akiwa mwanafizikia kwenye hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Mnaona? Afrika imo kwenye hadithi hii tangu mwanzo, si kama mgonjwa peke yake. Mwaka 1990 Arthur Agatston na wenzake wa Miami wakaonyesha namna ya kuhesabu chokaa ya moyo kwenye picha hiyo na kuipa alama. Sifuri ni habari njema. Zaidi ya 400 ni chokaa nyingi. Alama haisemi kwamba umeziba, wala sifuri haikupi cheti cha kutokufa, maana mafuta laini hayaonekani humo. Lakini inamsaidia daktari kuamua nani aanze dawa mapema. Wengi wanamjua Agatston kwa kitabu chake cha kupunguza unene kilichovuma mwaka 2003, wala hawajui hesabu yake.

Kwa hesabu hiyohiyo, mwaka 2017 watafiti walitangaza habari za Watsimane, wakulima na wawindaji wa misitu ya Bolivia. Katika watu wazima 705, asilimia 85 walikuwa na sifuri. Hao wanatembea, wanalima, wanakula vya shambani. Ndiyo maana nilisema chipsi zina makosa yake. Ugonjwa ni wa kale, lakini kasi yake tunaiongeza wenyewe.

Na kwetu je? Mwaka 1956 daktari Hugh Trowell wa Mulago, Kampala, aliona inafaa kuandika kwenye jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kuhusu mgonjwa mmoja tu Mwafrika mwenye ugonjwa wa ateri za moyo. Mmoja! Ulikuwa ni ajabu ya kutangazwa. Leo nani kati yetu hana mjomba, jirani au bosi aliyeanguka ghafla? Kwa miaka mingi dawa yetu Watanzania ilikuwa tiketi ya India, kwa mwenye uwezo au mwenye jina kwenye orodha ya serikali. Mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza kusimama yenyewe pale Muhimbili, na watu wakaanza kuzibuliwa mishipa Dar es Salaam na kulala nyumbani kwao. Hilo ni jambo kubwa, tulipongeze.

Tukishapongeza, tuulize maswali. Mwaka 2023 utafiti wa Korea Kusini ulifuatilia wagonjwa 1,639 wenye mishipa migumu kutibika. Waliotibiwa kwa jicho la ndani, asilimia 7.7 walipata pigo kubwa linalotokana na mshipa uliotibiwa katika miaka 3. Waliotibiwa kwa picha ya kivuli peke yake, asilimia 12.3. Mwaka 2024 madaktari wa moyo wa Ulaya waliandika kwenye mwongozo wao kwamba kwa mishipa migumu kama hiyo jicho la ndani linapendekezwa kwa nguvu zote. Wakati huohuo, utafiti mkubwa wa Marekani ulioitwa ECLIPSE, wenye wagonjwa 2,005 wa chokaa kali, ulilinganisha mashine moja ya kusaga na viputo vya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, mashine haikushinda. Kwa maneno mengine, kumsagia kila mtu chokaa hakukusaidia kuliko kiputo. Kinachobaki ni kujua nani hasa anahitaji kusagwa, na hilo hulijui bila kutazama.

Hapa ndipo pesa inapoingia. Waya wa kutazama ndani unatumika mara moja unatupwa, na unalipiwa juu ya gharama ya stenti. Hospitali yenye bajeti finyu inajikuta inachagua kati ya stenti ya mgonjwa wa pili na jicho la mgonjwa wa kwanza. Silaumu mtu, uchaguzi huo ni mgumu kweli. Ila nasema hesabu ipigwe hadi mwisho: stenti iliyokaa vibaya inamrudisha mgonjwa kitandani, na safari ya pili nayo ina bei, kama mgonjwa atawahi kuifanya.

Waandishi wenzangu, tunajuana. Tukialikwa kwenye uzinduzi wa mashine hospitalini tunapiga picha ya mkasi na utepe, tunakunywa soda, tunaondoka. Safari ijayo tuulize mambo matatu kabla ya soda. Je, vifaa vya kutazama ndani ya mshipa vimenunuliwa pamoja na mashine, au havimo? Bima inavilipia? Na wangapi hapa wamefundishwa kuzisoma picha zake? Nawe msomaji, ukimsindikiza mzazi wako siku atakapoambiwa anahitaji stenti, muulize daktari kwa adabu: shikamoo dokta, huu mshipa una chokaa kiasi gani, na mtaipima kwa njia gani?